Maumivu Yaliyosingiziwa Mukwa

Kila asubuhi kule Kibugu, Ciakuthii alimpa mumewe vidonge vya moyo na kusimama hapo mpaka avimeze. Ndipo alipokwenda kuchuma chai. Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu Mzee Runji apatwe na shambulio la moyo. Tarehe zake za kliniki alizijua mkewe, si yeye.

Mwezi wa saba Ciakuthii akaanza kulalamika. Mara taya, mara shingo, mara mgongo. Akipanda mlima alisimama mara tatu kutafuta pumzi. Nyumbani wote wakakubaliana kwamba ni mukwa, ile kamba ya ngozi ambayo wanawake hupitisha kichwani kubebea kuni. Runji alimnunulia dawa ya kuchua, akajiona daktari kamili.

Jumamosi moja Joyline, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuja kumpima mzee presha. Akamkuta Ciakuthii ameketi mlangoni, jasho linamtoka ingawa kulikuwa na baridi. Alisikia kichefuchefu.

"Ni mukwa tu," Runji akasema. "Moyo mimi naujua. Unakaba kifua."

"Wako ulikaba kifua, mzee. Wa mama unaweza kukaba kifua, na pia unaweza kuja hivi: taya, mgongo, kuchoka, kutapika. Ndiyo maana wamama wengi wanafika hospitali wamechelewa." Joyline alikuwa ameshatoa simu kumwita Marete, jirani mwenye gari. "Leo amebeba kuni?"

Runji akafikiri. Leo hakubeba. Hata juzi hakubeba. Marete alipofika, akamsaidia mkewe kupanda gari.

Katika hospitali ya Embu, madaktari walikuta mshipa mmoja wa moyo umeziba. Wakamtibu, akapata nafuu. Aliporudi nyumbani, wiki ya kwanza tu, akataka kwenda shambani.

Joyline aliwakalisha wote wawili. Alieleza kwamba mwanamke mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kuishi miaka mingi sawa na mwanamume. Shida ni kwamba wengi huchelewa kutambuliwa, kisha wakitoka hospitali hurudia kazi za nyumba na kusahau dawa na kliniki zao.

"Mzee, umefika miaka mitatu kwa sababu kuna mtu anakuangalia," akasema. "Yeye anaangaliwa na nani?"

Runji aliona aibu, na zaidi ya aibu, aliogopa kubaki peke yake.

Tangu siku hiyo walimeza dawa pamoja mezani. Chumvi ilipunguzwa. Chai ilichumwa na mtoto wao Mwendwa mpaka daktari aliporuhusu mama arudi polepole.

Mwaka ulipoisha, wazee hao walifika kliniki pamoja, tarehe zao zikiwa zimepangwa siku ile ile. Ciakuthii alipanda kilima cha hospitali bila kusimama. Kama kawaida, nesi alitazama wanandoa hao na kumpa mama faili ya mumewe aishike.

"Leo mgonjwa ni mzee?" akauliza.

"Tuandike wote wawili," Runji akasema. "Na uanze na yeye."