Mgongo wa Idwal

Kila jioni Idwal Prosser alirudi kutoka mgodini akiwa mweusi kwa vumbi la makaa ya mawe. Mkewe, Ceinwen, alikuwa ameshajaza maji moto kwenye beseni kubwa la bati mbele ya jiko. Alimwosha mikono, kifua na miguu. Mgongo hakuugusa.

Kwetu Cwmfedwen, kijiji cha wachimbaji huko Wales, wanaume waliamini kwamba mgongo ukioshwa hupoteza nguvu. Basi migongo ilibaki na vumbi lake. Mawe ya dari yaliikwaruza, vidonda vikaota, na bado hakuna aliyethubutu kupitisha sabuni.

Mwaka mmoja alikuja mgeni, mwimbaji na mwigizaji mweusi kutoka Marekani. Jina lake Ambrose Tolliver. Alikuja kuimba na kwaya yetu ili kuwasaidia wajane wa ajali ya mgodi. Akafikia nyumbani kwa akina Prosser.

Mtaa mzima ulimpenda. Idwal hakumpenda. Mgeni alikalia kiti chake karibu na moto. Ceinwen alitoa vikombe vya harusi, ambavyo Idwal mwenyewe hakuwahi kunywea. Tena alimsogezea mgeni jamu yote.

"Na mimi?" Idwal aliuliza.

"Wewe una siagi," mkewe akajibu.

Lililomchoma zaidi ni wimbo. Kwaya ina wimbo mmoja wa kuwakumbuka waliokufa shimoni, na kipande kimoja cha besi, ile sauti nzito ya chini, huongozwa na mtu mmoja. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Idwal. Sasa mwalimu wa kwaya alitaka kumpa mgeni. Idwal akajawa na wivu.

"Nitamwonyesha," alijisemea.

Kwenye mazoezi aliimba kwa nguvu zake zote. Alipofika kwenye sauti moja ndefu, pumzi ikakatika katikati. Wenzake wakatazama viatu vyao.

Kesho yake Tolliver alimkuta jikoni.

"Ndugu Idwal, sauti unayo. Pumzi ndiyo inakataa. Mwimbaji hujaza pumzi mpaka mgongoni, na wewe mgongo umeukaza kama mtu anayeficha kitu. Una nini?"

"Umechukua kiti changu na jamu yangu," Idwal akasema. "Sasa unataka na mgongo wangu?"

Tolliver hakukasirika. "Baba yangu alipakia makaa melini. Mama alimwosha mgongo kila jioni, mimi nikishika taa. Najua mwenye maumivu anavyosimama."

Tangu mgeni aje, Idwal alikuwa akioga peke yake; Ceinwen alilipandisha shati lake kabla hajakataa. Jipu kubwa lilikuwa limeiva katikati ya mgongo, jekundu, na pembeni mwake usaha ulikuwa ukitoka. Alikwenda mbio kwa jirani yao, Nesi Morfydd.

Nesi alitazama, akaguna. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Lina muda gani?"

"Dogo tu hilo," Idwal akasema.

"Sikiliza. Jiwe likikukwaruza, vumbi na jasho huingia kwenye kidonda. Usipoosha, kinaoza. Osha mgongo kila siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Kausha kwa kitambaa safi. Jipu usilikamue. Ukiona uvimbe unakua, au ukipata homa, niite siku hiyohiyo."

"Baba yangu hakuosha mgongo maisha yake yote."

"Na alikufa na nini?"

"Homa," Idwal akasema.

"Ilianzia wapi?"

"Kwenye jipu."

Ceinwen akaweka maji motoni.

Nesi alilipasua jipu, akalisafisha na kulifunga. Baada ya hapo, kila siku Ceinwen aliosha mgongo wa mumewe. Wenzake shimoni walimcheka, wakamwita bibi harusi. Akawaacha wacheke. Kidonda kilifunga na pumzi ikarudi, wala koleo la kuchotea makaa halikuwa zito kuliko zamani.

Siku ya tamasha Tolliver alimwambia mwalimu wa kwaya, "Nina nyimbo zangu. Ule ni wa Idwal."

"Unanihurumia?" Idwal akamuuliza pembeni.

"Ungekuwa bado unakatika pumzi, ningeuimba mwenyewe bila aibu."

Tolliver akasimama kwenye safu ya besi, bega kwa bega na wachimbaji. Idwal aliimba. Sauti ndefu ilipofika, aliivuta mpaka mwisho, na chini yake alisikia sauti ya mgeni ikimshikilia. Wajane walilia. Idwal naye alilia.

Mgeni alipoondoka, Idwal alikuta kikombe kimoja cha harusi bado kiko rafuni, vingine vimerudishwa kabatini.

"Hicho cha nani?"

"Cha Tolliver. Akirudi."

Wivu ulimchoma tena, kidogo. Akakitazama kile kikombe, kisha akakisogeza kando ya chake.

"Ila jamu tutagawana," akasema. Akavua shati, akampa mkewe mgongo auoshe.