Aliyeitika Katika Jumba la Lai Fung

Asubuhi ile nilikuwa napiga pasi. Nasema hivyo kwa sababu wanaosimulia habari hii siku hizi, na wengi wao hawakuwepo, huanza na radi na mvua. Hakukuwa na mvua. Jua lilikuwa linawaka mtaa wetu wote wa Sham Shui Po, nami nilikuwa nyuma ya jukwaa nikinyoosha mikono mirefu ya hariri, huku mdogo wangu Siu-kei ameketi juu ya kasha la kofia akinywa uji wake wa mchele na kunichokoza.

"Dada Ha, hiyo pasi umeiazima kwa marehemu? Mbona ya baridi hivyo?"

"Akili zako zingekuwa ndefu kama huo mdomo, ungekuwa umeshaoa."

"Nimuoe nani? Kila nikimpata mmoja, swali la kwanza ni kama dada yangu atakaa na sisi."

Mama yetu alifariki Siu-kei akiwa na miaka minne, mimi kumi na minne. Nilimbeba mgongoni nikienda kushona vifungo kiwandani. Nilimpeleka mwenyewe kwenye kundi la opera la Mwalimu Mok, akafundishwa kuruka, kupigana na kuimba, nami nikabaki hapohapo kutunza mavazi ili nimwone kila siku. Sikuwa na mtu mwingine duniani.

Siku hiyo sote tulikuwa na furaha, maana Jumba la Lai Fung, jumba letu la opera, lilikuwa linafunguliwa upya baada ya miaka minne ya matengenezo. Asiyeishi mtaa ule hawezi kuelewa. Lai Fung ndilo lililotufundisha kusema, kulia na hata kutongozana. Wanawake viwandani walishona wakiimba nyimbo walizozisikia pale Jumapili. Kinyozi wa chini ya nyumba yetu alikuwa akikatiza wembe katikati ya shavu la mteja ili amalizie ubeti. Watoto walipewa majina ya mashujaa wa jukwaani, na wauza supu tamu walipanga saa za kufunga kufuatana na saa ya pazia kushuka. Jumba lilipofungwa, mtaa ulipooza. Kwa hiyo msitushangae kwamba tulilirudia mbio.

Ila mafundi walikuwa wameng'oa jukwaa lote la zamani na kuweka mbao mpya, na jukwaa lisilowahi kuchezewa lina mwenyewe. Sisi humwita Chui Mweupe. Kabla ya kuimbwa neno lolote, ni lazima atolewe. Mwigizaji mmoja huvaa uso wa jemadari, mwingine huvaa ngozi ya chui. Chui hupewa kipande cha nyama mbichi ya nguruwe, hukiuma, jemadari humpiga, humfunga mnyororo na kumtoa jukwaani akitambaa kinyumenyume. Tangu ngoma inapolia mara ya kwanza hadi chui atoke, hakuna kusema. Na zaidi ya yote, hakuna kumwita mtu jina lake, kwa sababu wakati huo si yeye peke yake anayesikiliza.

Jemadari alikuwa Mwalimu Mok mwenyewe, mzee wa miaka sitini na minane. Chui alikuwa Siu-kei.

"Wenye kikohozi wakohoe sasa," Mwalimu Mok alituambia kabla ya kuwasha ubani. Kisha akanigeukia. "Sau-ha, huo mdomo wako naujua."

"Nitauma taulo, Mwalimu."

"Uma kwelikweli, mwanangu. Leo sina utani."

Nikasimama pembeni mwa jukwaa, nyuma ya pazia, na taulo la kumfutia Siu-kei rangi ya uso akishatoka. Ubavuni kwangu alisimama fundi Tse, aliyeletwa na wajenzi. Jukwaa jipya lilikuwa na kipande cha sakafu, ukubwa wa meza ya watu wanane, kinachoshuka na kupanda kwa mashine, na yeye ndiye aliyekiweka. Alikuwa ameshika chupa ya chai kwa mikono miwili, amebana midomo kama mtoto mbele ya mwalimu mkali.

Ngoma ikalia. Upatu ukajibu.

Siku zote nimeipenda sehemu hii. Siu-kei alitoka kwa miguu na mikono, mgongo ukipanda na kushuka ndani ya ngozi ile, na kwa kweli nilimsahau mdogo wangu, nikamwona mnyama. Akainusa nyama. Akaiuma. Mwalimu Mok akamrukia kwa fimbo ya chuma. Wakazunguka mara tatu. Mnyororo ukaingia shingoni. Siu-kei akaanza kurudi kinyumenyume, nyama ikining'inia menoni, macho yake yakimtazama jemadari kama desturi inavyotaka.

Hapo ndipo sakafu ilipoanza kushuka.

Ilishuka bila sauti. Kile kipande cha mashine, nyuma yake, hatua nne tu. Nikaona ukingo. Nikaona giza. Chini mle najua kuna nini, maana tulionyeshwa: zege na vyuma, kina cha watu watatu. Siu-kei alirudi nyuma hatua moja. Mwalimu Mok hakuona, kofia yake ya vita ilimziba. Nikamtazama fundi Tse. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye chupa ya chai. Alikuwa anatabasamu, akiufurahia mchezo.

Hatua ya pili. Ya tatu.

Goti lake likaning'inia hewani.

"Siu-kei! Simama!"

Ngoma ikakatika. Upatu ukakatika. Siu-kei akaganda. Akageuza kichwa kunitazama, na sitayasahau macho yale, kwa sababu hayakuwa na shukrani. Yalikuwa na hofu. Nyama ilikuwa bado imejaa kinywani mwake.

Na kutoka kwenye viti vitupu, kule gizani, sauti yake ikaitika.

"Naam, dada."

Ilikuwa sauti yake hasa. Uvivu wake uleule wa asubuhi, anapoitwa aamke na hataki. Sote tuliisikia. Mpiga ngoma alianza kulia. Kisha, safu ya saba, kiti kimoja kilichokuwa kimeshuka kikajikunja polepole, kama vinavyojikunja viti vile mtu akishanyanyuka.

Nilikimbilia jukwaani kumshika mdogo wangu asianguke. Nikakuta hakuna pa kuanguka. Mbao zilikuwa sawasawa, kavu, zinanuka rangi mpya. Nilipiga magoti nikazipapasa kwa viganja.

"Mama, ile mashine haina umeme," fundi Tse aliniambia. "Wanakuja kuunga nyaya saa tisa. Ufunguo huu hapa, mfukoni kwangu."

Sakafu haikushuka. Haikuwahi kushuka. Kilichokuwa mle ndani kilitaka jina, kikanionyesha kitu pekee ambacho kingenifanya nilitoe.

Mwalimu Mok alivua kofia yake ya vita, akaketi chini palepale. Kesho yake ibada ilirudiwa, na chui mwingine, na ilikamilika vizuri. Lakini jioni, baada ya ibada hiyo, alituita mimi na Siu-kei, akazungumza nasi kwa sauti ya chini, mlango umefungwa.

"Jina lake limeshaitikiwa. Si lake tena, ni la mwingine. Mara ya kwanza kimeitika tu. Likiitwa mara ya pili ndani ya jumba hili, kitakuja."

"Kitakuja kufanya nini, Mwalimu?" nikauliza.

"Mtu akiitwa, anakuja kwa nini? Anakuja kushika nafasi yake."

Tangu siku hiyo mdogo wangu akawa Kwai-sang. Jina lilipakwa upya kwenye mabango, likaandikwa upya kwenye sanduku lake la rangi. Nilimsihi tuhame, tukaimbe kwingine, akanicheka.

"Niende wapi, dada? Niimbe kwenye ngazi za sokoni? Lai Fung ndiyo opera. Wewe niite Kwai-sang, basi, yamekwisha."

Nilimwita Kwai-sang miaka kumi na moja. Nilijizoeza hata kuwaza kwa jina hilo. Naye akavuma. Kaseti zake zilipigwa kwenye teksi na kwenye nyumba za chai, na vijana wa mtaani wakaiga namna yake ya kutupa mkono wa vazi. Watu walisema sauti yake ina uzito usio wa kawaida, kana kwamba wako wawili wanaoimba pamoja. Wao walisifu. Mimi nilikuwa nikitoka nje.

Kisha Mama Yip akarudi kutoka Kanada. Alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya tatu, alihama zamani kabla ya mambo yote haya, na alimjua mdogo wangu tangu hajui kujifunga kamba za viatu. Hakuniambia kama yuko mjini. Aliitambua sura ya mdogo wangu kwenye bango, akataka kutushtua. Alijinunulia tiketi ya mbele kabisa, onyesho la saa saba na nusu mchana.

Mdogo wangu alikuwa jemadari siku hiyo. Vazi lake lilikuwa na kamba kumi na mbili, na nilizifunga mwenyewe kwa fundo langu la kupitisha mara mbili, maana alikuwa akiruka sana. Hakuna mwingine kundini aliyelijua fundo lile. Alitoka jukwaani, ukumbi ukalipuka kwa makofi. Makofi yalipotulia, na kabla hajafungua kinywa, Mama Yip akasimama kwa furaha yake yote.

"Siu-kei! Siu-kei wetu! Ona ulivyokua, mwanamume mzima!"

Watu wakacheka. Nilikuwa nyuma, katikati ya mavazi yaliyotundikwa.

"Naam," sauti yake ikasema.

Nyuma yangu.

Niligeuka. Hakuna mtu. Mikono ya mavazi ilikuwa inayumba, safu nzima, kama mtu amepita katikati yake akielekea jukwaani. Nikakimbia. Nilifika pembeni mwa pazia, nikamwona mdogo wangu amepiga magoti. Akaweka viganja chini. Akaanza kurudi kinyumenyume, taratibu, shingo imenyooka mbele kama inayovutwa. Watazamaji walidhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi. Alikuwa ananitazama. Nilifungua kinywa, na sikujua nimwite jina gani.

Alipita pazia la upande wa pili. Kule walikuwa wamesimama watu watano, na wote waliapa mbele ya polisi kwamba hakutokea mtu. Polisi waling'oa hata mbao. Mama Yip alilia mlangoni kwangu siku mbili. Nilijaribu kumchukia nikashindwa, kwa sababu kinywa kilichoanza kilikuwa changu.

Siku ya tatu nilikwenda kufungasha vitu vyake. Vazi la jemadari lilikuwa limetundikwa mahali pake. Kamba zote kumi na mbili zilikuwa zimefungwa, fundo kwa fundo, kama nilivyozifunga mimi. Hakuna binadamu awezaye kulivua vazi lile bila kuzifungua. Nikaingiza mkono kwa ndani. Lilikuwa na joto, na shingoni palikuwa na jasho bichi.

Wenzangu walitaka lichomwe. Niliwatukana wote, nikalibeba nyumbani, nikalitundika kabatini. Ni miaka ishirini na zaidi sasa. Mwalimu Mok amekufa. Fundi Tse hakukanyaga tena mtaa ule. Vazi nililiacha na mafundo yake, na halikuwahi kunisumbua.

Jumatatu iliyopita walianza kulivunja Jumba la Lai Fung. Nasikia vishindo hapa dirishani, tofali kwa tofali, na nitasema ukweli, nililia kwa ajili ya jumba lile pamoja na yote liliyonitenda. Saa nne asubuhi, vishindo vilipotulia ili mafundi wanywe chai, kabati likasema.

"Dada. Nifungue."

Ndivyo alivyokuwa akiniambia kila baada ya onyesho, kwa miaka yote ile, akinigeuzia mgongo.

Nilikaa siku tatu bila kujibu. Sikula vizuri. Kila mchana sauti ilirudi, haikupandishwa, haikuniomba zaidi ya hapo. Jana nilisogea karibu na mlango wa kabati nikanong'ona.

"Wewe ni nani?"

 Akashusha pumzi, kama alivyofanya akiwa mtoto nilipomkemea.

"Joto, dada."

Najua mnavyosema. Ningekuwa ninyi, nami ningesema hivyo hivyo: mama, liache, toka humo ndani, lichome. Lakini nilimlea mgongoni. Na kama kilichoshika nafasi yake kilitoka siku ile bila kuonekana, basi aliyebaki ndani ya vazi anayesikia joto ni nani?

Vidole vyangu si vya zamani, na fundo lile nilikuwa nalikaza sana. Tangu asubuhi nimefungua manane. Vazi nililitoa kabatini likiwa jepesi kama shuka. Sasa limelala kitandani, limezidi uzito fundo kwa fundo, na siwezi tena kulinyanyua.