Fundi Aliyesema Hayupo

Kila siku baada ya shule, Koleo alibadilisha sare, akala, kisha akaenda kwenye karakana ya baba yake kung'oa misumari. Koleo halikuwa jina lake. Mafundi wa mtaani walimbandika jina hilo kwa sababu tangu akiwa mdogo alikuwa hodari wa kuchomoa misumari iliyozama kwenye mbao za viti vya zamani, bila kuzipasua. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na hata baba yake alimwita hivyo.

Baba yake alikuwa fundi wa makochi. Watu walimletea viti vilivyobonyea na kuchanika, naye akavirudishia umbo. Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya gundi. Upande mmoja yalipangwa masponji, na upande wa pili, karibu na dirisha, ilikaa cherehani kubwa ya kushonea ngozi. Cherehani hiyo aliinunua kwa fedha alizokopa kwenye kampuni ya mikopo, na yenyewe ndiyo iliyokuwa dhamana.

Mwanzoni alilipa kila mwezi bila tatizo. Kisha springi ya kochi ilifyatuka ikamchana kiganja, na kwa majuma kadhaa hakuweza kushika sindano. Malipo yakakwama. Mkono ulipona, kazi zikarudi, lakini yeye hakurudi kwenye ile kampuni. Kila alipopata fedha aliweka sehemu ndani ya bahasha kabatini.

"Kwa nini usiwapelekee hizo zilizopo?" Koleo aliwahi kumuuliza.

"Mimi sipeleki kazi nusu," baba alijibu. "Umeshaniona nikimpelekea mteja kochi moja na kumwacha anasubiri mengine? Seti inakwenda ikiwa imekamilika. Na fedha zao zitakwenda zikiwa zimekamilika."

Jirani yao, fundi wa kuchomelea vyuma aliyeitwa Cheche, alimuunga mkono. Cheche alikuwa na maoni kuhusu kila kitu na alipenda kuyatoa akiwa amekaa juu ya kochi la mteja.

"Usithubutu kwenda kuwaomba wakupunguzie," alisema. "Binamu yangu alikwenda kuomba, wakamwandika kwenye zile taarifa za mikopo ambazo kila mkopeshaji anazisoma. Tangu siku hiyo hata sufuria hakopeshwi."

"Shuka kwenye hilo kochi, halijakauka gundi," baba alimwambia.

"Nashuka. Lakini nimekwambia. Kusanya zote, nenda siku moja, walipe deni lote, ondoka."

"Ndivyo ninavyofanya."

Tatizo lilikuwa simu. Kampuni ilipiga mara kwa mara, na baba hakutaka kuzungumza nao kabla bahasha haijajaa. Kwa hiyo alimpa Koleo kazi ya kupokea na kusema kwamba fundi hayupo. Koleo hakuipenda kazi hiyo. Kung'oa misumari kulikuwa kugumu zaidi, lakini hakukumfanya aone aibu.

Siku moja simu ililia wakati baba amesimama hatua mbili tu kutoka kwake, misumari midogo imebanwa kati ya midomo. Alitikisa kichwa. Koleo akapokea.

"Habari za mchana, binti," ilisema sauti ya kijana mpole. "Napiga kutoka kampuni ya mikopo. Fundi yupo?"

"Hayupo. Ametoka."

"Mbona kila siku ametoka? Kama viatu vyake vingekuwa na mita kama ya gari, ingesoma mbali." Kijana alicheka kidogo, kisha akawa makini. "Nisikilize vizuri. Mwambie asisubiri kupata fedha zote. Aje na alizonazo, tukubaliane namna ya kulipa zilizobaki kidogo kidogo. Ila aje kabla mwezi huu haujaisha. Ukiisha, tutalazimika kupeleka jina lake kwenye taarifa za mikopo kwamba ameshindwa kulipa, na hapo mimi sitakuwa na la kufanya. Utamwambia?"

"Nitamwambia."

Koleo aliweka simu mezani. "Baba, huyu kaka amesema kwamba..."

"Koleo," baba alimkatiza, misumari ikiwa bado mdomoni, "nilishakwambia sitaki kusikia habari zao mpaka fedha zitimie. Nipe nyundo."

Koleo akampa nyundo. Jioni angeweza kulianzisha tena jambo hilo, lakini aliogopa kukaripiwa. Mwezi ukaisha.

Wiki chache baadaye meneja wa hoteli moja alikuja karakanani akiwa na kiti mkononi. Alitaka viti vyote vya ukumbi wa kulia chakula vivikwe upya. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote ambazo baba alikuwa amewahi kupata. Meneja alieleza kwamba kama fundi hangeweza kuanza mapema, angewapa watu wa duka kubwa la samani. Baba alijua hesabu yake: akiipata kazi hiyo, deni lingelipika na karakana ingesimama. Akiikosa, kampuni ingekuja kuchukua cherehani, na bila cherehani angerudi kuajiriwa.

Alichokosa ni kitambaa. Siku hiyohiyo alikwenda na Koleo kwa Mama Vitambaa, mwenye duka ambalo mafundi wote walinunua bidhaa zao. Mama huyo alivaa miwani iliyoning'inia kwa uzi, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mzigo mdogo nakukopesha kwa kukujua," alisema. "Mzigo wa ukubwa huu lazima niangalie taarifa zako za mikopo. Unaniruhusu?"

"Angalia, mama. Mimi si mtu wa kukimbia deni."

Waliporudi kesho yake, karatasi ilikuwa juu ya meza. Mama Vitambaa aliigeuza ili baba aisome.

"Hapa pameandikwa kwamba umeshindwa kulipa."

"Sijashindwa," baba alisema. "Ninakusanya. Fedha zipo nyumbani, zimepita nusu."

"Karatasi haijui kilichomo kabatini mwako, fundi. Inajua kilichofika na kisichofika. Samahani, siwezi kukupa mzigo wote huu kwa mkopo."

Walirudi kwa miguu. Baba alitembea polepole, mikono nyuma. Walipofika kwenye kona ya mtaa wao, Koleo alisimama.

"Baba, kuna jambo sijakwambia. Yule kaka wa kampuni alisema uende na ulizonazo mkubaliane. Alisema uende kabla mwezi haujaisha, la sivyo wangepeleka jina lako. Nilianza kukwambia, ukanikatiza. Lakini jioni ningeweza kukwambia, na sikukwambia. Niliogopa."

Baba alimgeukia. Koleo alisubiri kukaripiwa.

"Nani alikufundisha kusema kwamba sipo?" baba aliuliza.

"Wewe."

"Basi ungempaje ujumbe mtu ambaye hayupo?" Alivuta pumzi. "Umefanya vibaya kukaa na jambo zito peke yako. Lakini mimi ndiye niliyefunga mlango, kisha nikashangaa kwamba habari haikuingia. Kesho tutakwenda pamoja. Utaniona nikiwepo."

Ofisi ya kampuni ya mikopo ilikuwa chumba cheupe chenye viti vya plastiki. Yule kijana mwenye sauti ya upole alikuwa amekaa nyuma ya kompyuta. Baba alipojitambulisha, kijana alimtazama, akamtazama na Koleo.

"Kumbe upo," alisema.

"Nipo. Nilikuwepo siku zote. Mtoto alikuwa anatumwa na mimi." Baba aliweka bahasha mezani. "Nikilipa hizi leo na kumalizia nyingine baadaye, mtafuta yale maandishi?"

"Hapana," kijana alijibu. "Hayawezi kufutwa, kwa sababu ni kweli. Muda wa kulipa ulipita na hukulipa. Hata ukimaliza deni lote, maandishi hayo yatakaa kwa miaka kadhaa kabla ya kuondolewa. Lakini yatakayoongezwa chini yake yanakutegemea wewe. Tukikubaliana leo, itaandikwa kwamba una mpango wa malipo. Kila mwezi ukilipa tulichokubaliana, inaandikwa. Ukikosa, inaandikwa vilevile. Siku ukimaliza, itaandikwa kwamba deni limelipwa lote, na mtu anayesoma ataona tofauti."

"Rafiki yangu aliniambia kwamba kuomba mpango ndiko kunakoharibu jina."

"Mpango unaonekana, sikatai. Wakopeshaji wengine wataujali. Ila ungekuja mapema, ungeonekana mpango peke yake. Sasa utaonekana mpango, na juu yake pameandikwa kwamba ulishindwa. Ipi ingekuwa hali nzuri zaidi?"

Jibu lilikuwa wazi. Jibu lilikuwa wazi. Walihesabu fedha, baba akalipa nyingi na kubakiza kidogo za kununulia kitambaa, kisha wakapanga kiasi cha kila mwezi ambacho fundi angekimudu hata mwezi wenye kazi chache. Kijana alipendekeza kiasi kikubwa zaidi, baba akakataa. "Nisiahidi nisichokiweza," alisema, na kijana akaandika kile kidogo.

Kutoka hapo walikwenda hotelini. Baba alimweleza meneja ukweli wote: kwamba hana kitambaa cha viti vyote, kwamba taarifa zake zina doa, na kwamba anaweza kununua kwa fedha taslimu kitambaa cha viti vya meza moja. Aliomba avilete hivyo, alipwe, anunue cha meza inayofuata.

"Hujui kufanya kazi vipandevipande," Koleo alimnong'oneza walipokuwa wakisubiri.

"Leo najifunza," baba alinong'ona.

Meneja alikuna kidevu. Mwishowe alisema kwamba hata yeye ingemfaa, kwani ukumbi usingefungwa wote kwa wakati mmoja. Ila viti vya kwanza visipompendeza, vya pili havitakuwepo.

Vilimpendeza. Meza baada ya meza, viti vilitoka karakanani vikiwa vimekazwa vizuri, na kila mwezi malipo yalifika kwenye kampuni kabla ya siku yake. Cherehani ilibaki dirishani. Cheche alikuja kukaa juu ya kochi na kusema kwamba yeye alijua tangu mwanzo mambo yangekuwa mazuri. Hakuna aliyebishana naye.

Miezi ilipita, kazi ya hoteli ikakamilika, na deni likaisha. Shule moja ikaagiza viti vya maktaba yake. Baba na Koleo walirudi kwa Mama Vitambaa kuomba kitambaa kwa mkopo. Mama huyo alivaa miwani, akasoma karatasi mpya kuanzia juu hadi chini bila haraka, kisha akampa Koleo.

"Soma mwenyewe, binti. Unaona nini?"

Koleo alisoma. "Pale juu bado pameandikwa kwamba baba alishindwa kulipa."

"Na hapo chini?"

"Alipanga kulipa. Alilipa mwezi huu, na huu, na huu. Hakuna aliokosa. Deni limelipwa lote."

"Umesoma vizuri," alisema Mama Vitambaa. "Mtu anapokwama, anayemdai anataka kujua mambo mawili: yuko wapi, na ana mpango gani. Akijificha, kitaandikwa kile ambacho wengine wanakiona, na wanachokiona ni kwamba hajalipa. Akijitokeza na kusema ukweli mapema, anapata nafasi ya kuandika sehemu yake. Ukiwa na tatizo shuleni au nyumbani, mwanangu, jitokeze ukiwa bado na la kusema."

Alivua miwani, akachukua mkasi na kumgeukia baba.

"Nusu nakukopesha, nusu utalipa leo. Mwakani tutazungumza kuhusu kukukopesha mzigo wote. Unakubali?"

"Nakubali," baba alisema, akashika ncha ya kitambaa ili kisikunjike wakati mama anakata.