Presha ya Pacha Wawili

Fundi alitengeneza makochi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye mlango mpana wa mbao. Ndani kulikuwa na springi, sponji, majora ya vitambaa, na siku zote kochi moja au mawili yaliyovuliwa nguo yakabaki mifupa. Kila asubuhi alifagia, akafungua redio, akashika nyundo. Alikuwa na miaka sitini na minne.

Alikuwa na pacha wake. Watu walimwita Dereva, kwa sababu aliendesha malori kwa miaka thelathini. Walifanana kama shilingi kwa ya pili. Zamani, mke wa Fundi alipokuwa bado mchumba, alimkuta Dereva njiani akamwambia maneno matamu. Dereva akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Asante, shemeji. Sasa hayo mpelekee mwenyewe."

Dereva alipostaafu alihamia kwa binti yake, mtaa wa pili. Kila jioni alikuja karakanani kupiga soga. Lakini mwaka huo miguu yake ilianza kuwa mizito. Alitembea kwa hatua fupi fupi, kama mtu anayepita kwenye sakafu yenye maji. Ukimuuliza jambo, jibu lilichelewa. Mara mbili alianguka mlangoni.

"Ni uzee tu," alisema mwenyewe.

"Mbona mimi sianguki?" Fundi aliuliza. "Tulizaliwa siku moja."

Binti wa Dereva hakungoja baba yake aanguke mara ya tatu. Alimpeleka hospitali, na Fundi akaenda nao. Presha ya Dereva ilikuwa juu sana. Picha ya ubongo ilionyesha madoa meupe hapa na pale. Daktari alisema mishipa midogo ya damu imeumia kwa miaka mingi.

"Je, kuna mwingine katika familia aliyekuwa hivi?" akauliza.

Fundi ndiye aliyejibu. "Mama yetu. Mwisho wake alitembea hivi hivi."

"Basi huenda pia kuna jambo la kurithi," daktari alisema.

Aliendelea kueleza mambo mengine, lakini Fundi hakuyasikia. Neno kurithi lilimkaa kichwani kama msumari.

Tangu siku hiyo Fundi hakuwa yule yule. Alipomwona pacha wake akija kwa zile hatua fupi, aliona ni yeye mwenyewe anakuja. Mteja alileta viti sita vya kushonea vitambaa vipya. Fundi akamwambia atafute fundi mwingine. Redio ikakaa kimya.

Siku moja mkewe alifungua droo kutafuta kibiriti. Akakuta pakiti nne za vidonge vya presha, zimejaa. Fundi alipewa vidonge hivyo kliniki mwaka uliopita.

"Baba watoto, hivi vidonge humezi?"

"Nimeze vya nini? Lililomo kwenye damu halitoki kwa kidonge. Mama limempata, pacha wangu limempata. Mimi nimebaki kwenye foleni tu."

Mkewe hakubishana naye. Alijifunga khanga, akaenda nyumba ya tatu kumwita Muuguzi, jirani yao aliyefanya kazi kliniki.

Muuguzi alikuja na mashine yake ya kupima presha. Akaketi kwenye kochi lisilo na kitambaa, springi zikalia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeitwa unisute?"

"Nimeitwa nikupime. Kusuta ni kazi ya mama hapa."

Fundi akacheka kidogo, akanyoosha mkono. Mashine ilisoma mia moja sabini na nne kwa mia moja na mbili. Muuguzi akangoja dakika chache, akapima tena. Haikushuka.

"Kichwa kinakuuma?"

"Hapana. Sisikii kitu."

"Ndiyo ubaya wa presha. Haipigi hodi."

Fundi alikunjua mkono wa shati lake polepole. Kisha akasema lililomsumbua. "Niambie kweli. Pacha wangu ana madoa kwenye ubongo. Mimi na yeye ni damu moja. Si nitapata tu?"

Muuguzi aliweka mashine kando. Aliinua macho kwenye waya wa taa uliopita ukutani.

"Ubongo una sehemu zinazofikiri," alisema. "Na una nyaya zinazounganisha sehemu hizo. Nyaya hizo zina ganda la mafuta, kama waya ule ulivyo na ganda la plastiki. Ndiyo maana zinaonekana nyeupe. Zinalishwa na mishipa ya damu myembamba sana, kama uzi. Presha ikipiga mishipa hiyo miaka nenda miaka rudi, inakakamaa. Damu inapungua, na nyaya zinaharibika; hapo ndipo picha huonyesha madoa. Habari inachelewa kufika. Mtu anakuwa mzito wa kujibu na mzito wa kutembea."

"Na kurithi?"

"Kupo. Kuna watu wamezaliwa na mishipa dhaifu zaidi, au na mwili unaopandisha presha upesi. Tunapokea hayo kwa baba na mama. Nyie pacha wa kufanana mmepokea yale yale. Sitakuficha, hatari yako ni kubwa kuliko ya jirani yako. Lakini urithi ni sehemu tu. Pacha wako alivuta sigara?"

"Pakiti nzima kwa siku. Na hakuwahi kumeza kidonge."

"Wewe je?"

"Sigara sijavuta." Fundi alitazama majora ya vitambaa yaliyoegemea ukuta. "Niliwahi kushona makochi mawili kwa jora moja," alisema. "Moja liliwekwa dirishani, lingine ndani. Baada ya miaka lile la dirishani lilikuwa limepauka, na nyuzi zimekatika. La ndani bado zima."

"Umenieleza vizuri kuliko nilivyokueleza," Muuguzi alisema.

"Na madoa ya ndugu yangu yatafutika?"

"Mara nyingi hayafutiki. Lakini presha ikishuka, mapya huongezeka polepole zaidi. Akitembea kila siku na kuacha sigara, atasaidika. Na jambo moja, mzee. Msimjibie. Akiulizwa, mpeni muda. Jibu lipo, liko njiani."

Fundi akainamisha kichwa. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumjibia.

Kesho yake alienda kliniki, akaanza vidonge upya. Haikuwa rahisi. Wiki ya pili alipata kizunguzungu, akataka kuvirudisha kwenye droo.

"Usiache kwa kujiamulia," Muuguzi alimwambia. "Rudi kwa daktari."

Alirudi. Daktari akambadilishia dawa, na kizunguzungu kikaisha. Mkewe alipunguza chumvi jikoni. Siku za mwanzo Fundi alilalamika kuwa anakula chakula cha mgonjwa. Baada ya mwezi alikula kwa rafiki yake, akarudi anasema wale wanapika maji ya bahari.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana, alipita kumchukua pacha wake. Walitembea mpaka shuleni na kurudi. Mwanzoni Fundi alitangulia, kisha akasimama kumngoja kwa uchungu. Baadaye alijifunza kwenda mwendo wa ndugu yake. Dereva aliacha sigara, akairudia mara moja, akaacha tena. Vidonge binti yake alimpa kwa mkono wake.

Kisha Fundi aliwaita watoto wake watatu. "Mimi nilidhani urithi ni hukumu," aliwaambia. "Kumbe ni taarifa. Nendeni mkapimwe." Walienda. Kitinda mimba, mwenye miaka thelathini na tano, alikutwa na presha. Hakuwa na dalili yoyote. Alianza matibabu mapema, karibu miaka thelathini kabla ya umri alioanza baba yake.

Mwaka ulipita. Presha ya Fundi ilishuka hadi mia moja ishirini na nane kwa themanini. Yule mteja wa viti sita alirudi, maana fundi mwingine alimshonea ovyo. Dereva bado alikuwa mzito, lakini hali yake haikuzidi kuwa mbaya. Alikuwa amemaliza miezi saba bila kuanguka.

Siku ya kupima, pacha waliketi pamoja kwenye benchi la kliniki. Karani, kijana mgeni kazini, aliwatazama mara mbili mbili.

"Wazee mmefanana kweli," alimwambia Dereva. "Nani mkubwa?"

Dereva alimtazama karani. Midomo ikasogea, neno halikutoka. Watu kwenye benchi waligeuka kumtazama Fundi, wakitegemea yeye ajibu. Fundi aliweka mikono magotini, akanyamaza. Muda ukapita. Mtu akakohoa.

"Mimi," Dereva alisema mwishowe. "Nilitoka kwanza, kukagua barabara."

Benchi zima likacheka. Dereva aliwaacha wamalize, kisha akamgeukia ndugu yake.

"Siku ile ya kuzaliwa nilikungoja mimi," alisema taratibu. "Siku hizi unaningoja wewe."