Mate ya Watu Wawili

Lifti ya jengo lile la zahanati na maabara ilijaa mpaka mlango ukagoma kufunga. Mhandisi, ndani ya gauni la bluu, kisanduku amekikumbatia kifuani, alikanyagwa na mwanamume mrefu mwenye koti jeupe.

"Samahani, dada. Umebeba mayai?"

"Nimebeba maabara nzima. Na huo mguu ni wangu."

Mwanamume alikuwa daktari wa meno, ghorofa ya tatu. Ndani ya kisanduku mlikuwa na kipande cha kioo, kidogo kuliko kadi ya benki, kilichochongwa mifereji myembamba kama unywele. Ukikidondoshea mate, chenyewe husafisha vinasaba, huvizidisha na kuvisoma. Mkono wa mtu haugusi kitu. Kabla lifti haijafika juu, walikuwa wamepeana namba.

Miezi ikapita, wakawa wachumba kwa kila kitu isipokuwa jina. Siku ya majaribio mhandisi alimwambia, "Mpenzi, nipe mate."

"Maneno gani hayo mbele za watu?" Daktari alicheka, akafungua kinywa asuguliwe shavu kwa pamba.

Jibu lilitoka kabla chai haijapoa: vinasaba vya watu wawili. Mwanamume mmoja. Mwanamke mmoja.

Mhandisi aliteremka ngazi mbiombio, akaingia kwa daktari bila kubisha.

"Ni nani huyo mwanamke?"

"Mwanamke gani?"

"Aliye kinywani mwako! Na usinitafutie sababu. Kioo changu hakichafuliwi na mikono."

Daktari alivua glavu polepole, moja, kisha ya pili. "Hakuna mwanamke mwingine."

"Kioo kinasema yupo."

"Basi kaolewe na kioo. Toka, nina mgonjwa."

Jioni mhandisi aliwaka kwenye simu kwa dada yake. "Mwongo! Muhuni! Halafu ananifukuza mimi!"

"Punguza moto, mdogo wangu. Hayo mate uliyachukuaje?"

"Kwa utaratibu. Nusu saa bila chakula, bila kahawa, bila sigara. Niliuandika mwenyewe."

"Mkaingia tu maabara?"

"Tulikutana ngazini, nikambusu, tukaingia, nika..."

"Endelea," dada alisema. "Nasikiliza."

Kesho yake alijipima. Mwanamke wa kwenye kioo alikuwa yeye, alama kwa alama. Hasira haikumtoka, ilimgeukia mwenyewe.

Alimkuta daktari ndani ya lifti ileile, peke yake, koti limepigwa pasi, uso umekunjamana.

"Ni mimi," alisema akiwa mlangoni. "Yule mwanamke ni mimi. Tulibusiana kabla ya kipimo. Nimeshaongeza kwenye utaratibu: bila busu."

Daktari hakucheka. "Kwa hiyo kioo hakikukosea. Aliyekosea ni wewe. Uliamini mate yangu, ukakataa maneno yangu, na vyote vimetoka kinywa kimoja."

"Nimekosa. Nioe."

"Kakiulize kioo chako."

Mlango ukaanza kufunga. Ukasita, ukafunguka tena. Daktari alikuwa bado amenuna, uso ameuelekeza ukutani, lakini kidole chake kimekandamiza kitufe cha kufungulia.

"Unaingia au huingii?" alifoka. "Watu wanaingoja lifti."