Labeka Niliyoitika Mie

Nina miaka sabini na moja. Mjane, mzaliwa wa Unguja, na huu mwaka wa ishirini na sita nakaa Shard End, hapa Birmingham. Shule sikuiona. Nasema kwa mdomo, binti yangu anaandika... na tukifika pabaya namwambia, "Andika! Usinifichie!"

Mungu hakunipa kusoma, kanipa sauti. Mtu akisema neno mara moja mbele yangu, basi nishamchukua. Daktari wangu, dereva wa basi, mwalimu wa madrasa akikohoa... wote nawaiga, watu wanashika mbavu. Nani angejua kicheko hicho kitanitoa machozi?

Shoga yangu alikuwa Bi Zuhura. Mlango kwa mlango, miaka yote hiyo. Ana kisukari, Kiingereza chake ni "thenkyu" na "sori" basi, na ukimwita haitiki kama watu. Anavutia puani: "Labeeeka, nipo mwenzenu!" Sauti hiyo niliipenda kuliko zote. Nilimuiga mbele yake, naye akinipiga na kanga huku anacheka.

Mwaka jana kikundi chetu cha kina mama kikakodi basi, twende Ireland siku nne. Tukashona na sare: baibui jeusi, mtandio wa kijani. Ukitutazama kwa nyuma humjui nani ni nani!

Siku ya pili ilikuwa ya kutembezwa. Asubuhi kasri, alasiri majabali makubwa yaliyosimama juu ya bahari. Mwongozaji wetu, bwana mmoja wa Kiairishi mwenye kitambi, kashika maiki, na mie nyuma yake namuiga kwa Kiswahili: "Mabibi zangu, kulia kwenu kondoo! Kushoto kwenu... kondoo tena!" Mama Furaha, Mkongo, akalia kwa kicheko: "Miye nitakufa leo, eh! Huyu bibi ni mubaya!"

Kila tukisimama, Zuhura ndiye wa mwisho kurudi. Mara chooni, mara anatia udhu. Bi Nuru, kiongozi wetu, mwenye orodha ya majina, akamfokea mbele ya watu: "We Zuhura, safari nyengine tunakuacha!" Masikini, aliinama kama mtoto.

Kule majabalini ukungu ukashuka ghafla, mzito, humwoni mwenzio. Tukakimbilia basini. Bi Nuru akaanza kuita majina.

"Zuhura!" Kimya. "Zuhura!"

Nikageuka. Kiti cha mwisho kabisa nikaona mtandio wa kijani umelala. Nikasema moyoni, mwenzangu kachoka, kapitiwa na usingizi, sasa atafokewa tena... Nikabana pua: "Labeeeka, nipo mwenzenu!"

Waliokaa karibu nami wakaziba midomo wasicheke. Bi Nuru akatia alama. Basi likaondoka.

Baada ya muda nikamchukulia sambusa. Nikaenda nyuma, nikamgusa bega... Lilikuwa begi! Begi la mtu, na mtandio uliorowa umeanikwa juu yake. Na pembeni, mkoba wa Zuhura mwenyewe. Simu yake, sindano zake, biskuti zake!

Wenzangu, mnajua nilifanya nini? Badala ya kupiga ukelele, nikarudi kitini, nikanyamaza! Nilimuogopa Bi Nuru. Niliogopa aibu. Nikajiambia labda yuko mbele na wengine... Uongo! Nilijua. Robo saa nzima nimekaa, nje ukungu, ndani wananiambia, "Hebu mtoe Zuhura tena!" Namuona mwenzangu anapapasa kwenye ule weupe, analitafuta basi, na ukingo wa jabali hauko mbali...

Nikapasuka: "Simamisheni basi! Zuhura tumemwacha!"

Wakacheka! Bi Hawa, Msomali wetu wa Nairobi, akapiga makofi: "Huyu mama ni ekta, wallahi!" Nikalia, wakazidi. "Hebu mwoneni, mpaka machozi kayaleta!" Umri wote nimechezea sauti za watu, na siku niliyoihitaji yangu, hapana aliyeijua.

Nikaubeba ule mkoba mpaka mbele, nikaumwaga mapajani mwa Bi Nuru. Sindano, simu, biskuti. Kicheko kikakatika.

"Nani aliitika?" akaniuliza polepole.

"Mie."

Barabara nyembamba, basi halikuweza kugeuka mpaka kijiji cha mbele. Hapana aliyenitazama. Mama Furaha anaomba kwa Kifaransa, mie nasoma Ayatul Kursi, nakosea, naanza upya, nakosea...

Tulipofika, mwongozaji akatukataza kushuka. Akapiga simu kuomba msaada, akaingia kwenye ukungu yeye na dereva. Nikasimama mlangoni mwa basi naita. "Zuhuraaa!" Upepo, na bahari inanguruma chini. "Zuhuraaa!" Niliita mpaka koo likakauka, naomba niisikie ile sauti ya puani hata mara moja tu!

Walimkuta nyuma ya ukuta wa mawe, hatua chache na ukingo, sukari imeshuka, jasho baridi, anatetemeka mwili mzima. Wakamtia kitu kitamu mdomoni, gari la wagonjwa likaja. Nikamshika mkono. Akasema, kwa sauti ndogo:

"Mwanzo sikuogopa, shoga yangu. Nilijua majina yataitwa. Nikasema, nisipoitika, watanisubiri."

Ya Rabi! Nikamfunika kwa mtandio wangu, ya labeka sikuyataja. Alikuja kuambiwa na wengine kuwa aliyeitika ni mie, yuko kitanda cha hospitali.

Alipona, alhamdulillahi. Ila mie mlango wake nimefungiwa.

Nyie mnaosoma, nawaomba... mzaha una mahali pake. Usimwitikie mwenzio, hata kwa mapenzi, hata kumkinga na maneno. Na ukikosea, sema hapo hapo! Ile labeka pengine Mungu atanisamehe, lakini ile robo saa ya kunyamaza? Hiyo ndiyo inayonitafuna.

Kila Ijumaa nampelekea mkate wa kumimina. Nabisha, naita, "Zuhura!" Nasikia kandambili zake ndani, zinakuja... zinasimama nyuma ya mlango. Sauti yake ninayo hapa kooni, nzima, naweza kuitoa hata sasa hivi.

Nafunga mdomo, nangoja aitike mwenyewe.