Sikio la Mtakatifu Agatha

Jioni ile ya Novemba nilirudi kwenye nyumba ya mnada kwa kazi ndogo tu: kuliangalia sikio la Mtakatifu Agatha kwenye picha ya kale. Ukungu wa mji wa Bologna ulishameza vibaraza vyote. Orodha ya mnada ilikuwa ichapwe asubuhi, na bosi wangu, Ottavio, alinichosha kwenye simu.

"Nerina, andika kwamba mchoraji ni Zambrini mzee, tumalize. Picha ya binti yake nani anaitaka?"

"Usinitie presha. Nitaandika ninachokiona."

Ercole Zambrini alichora picha za kutundikwa makanisani karne nne zilizopita, akasifiwa sana. Orsina, bintiye, alimchorea baba mpaka akafa, na jina lake halikuwekwa popote. Sisi wa kazi hii hatuuamini uso, maana kila mchoraji huuchora kwa uangalifu. Tunatazama masikio na kucha, pale mkono unapojisahau.

Nikawasha tochi. Sikio lilikuwa dogo, ndewe imeshikana na shavu. Baba hakuchora hivyo hata siku moja. Nilicheka peke yangu kwa furaha.

Ndipo ikaja harufu... Mafuta ya kuchanganyia rangi. Mabichi.

Picha ile ilikauka zamani mno.

Tap... tap...

Kitu kilikuwa kikidondoka nyuma yangu.

"Ni yangu," sauti ikanong'ona.

Mzee mwenye joho jeusi alisimama mbele ya mlango niliokuwa nimeufunga mwenyewe. Vidole vyake vilichuruzika rangi nyekundu.

"Kila kilichochorwa nyumbani kwangu ni changu. Andika, binti."

Nilirudi nyuma hadi kwenye meza yenye karatasi ya orodha, kalamu mkononi. Kisha hasira zikaupita woga.

"Miaka yote hiyo unakula jasho la mwanao, mzee. Bado hujashiba?"

Akaukamata mkono wangu wa kulia, wenye kalamu, akausukuma kwenye karatasi. Baridi ilipanda hadi begani. Herufi ya kwanza ya jina lake ikajiandika...

Nikaichomoa kalamu kwa mkono wa kushoto. Nikaikata ile herufi. Chini yake, kwa mwandiko wa mtoto wa chekechea, nikaandika: Orsina Zambrini.

Tochi ikazimika.

Ilipowaka, nilikuwa peke yangu. Sakafu ilikuwa kavu.

Picha iliuzwa kwa jina la Orsina. Daktari anasema mshipa wangu umebanwa, ila mkono wa kulia haujakunja kidole tangu siku ile, na jioni za ukungu harufu ile hunifuata hadi jikoni.

Wiki ijayo inaletwa picha nyingine ya Zambrini. Nimeshaliona sikio lake kwenye fotografia: dogo, ndewe imeshikana na shavu.

Mzee aje tu. Kwa kushoto sasa naandika vizuri.